Mbaruk bin Rashid wa Gazi: mtu, nyumba na minazi

Jina la Mbaruk bin Rashid Mazrui bado linatajwa Gazi, ingawa mwenye jina alifariki mwaka 1910 na hakufia Gazi. Ukitoka Ukunda kwa barabara ya Lunga Lunga, ukapita njia za kuingilia mahoteli ya Diani, ukakata kushoto kuelekea baharini kabla ya kufika Msambweni, utaingia kijiji chenye mikoko mbele na minazi nyuma. Wageni wengi siku hizi huja kwa ajili ya mikoko: daraja la mbao la akina mama, na mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 ambao umeifanya Gazi ijulikane duniani kwa biashara ya hewa ya kaboni. Wachache huuliza habari za nyumba kuukuu ya mawe iliyo hapo kijijini. Nyumba hiyo ilikuwa ya Mbaruk, na ilipata kutumika kama shule. Minazi iliyoizunguka nayo huambiwa ni ya Mbaruk.

Kuhusu minazi hiyo tuseme ukweli mapema. Mnazi wetu mrefu wa mwambao huanza kuzaa ukiwa na miaka sita au saba, ukaendelea kuzaa miaka sitini na zaidi, na ule uliojaliwa umri hukaribia miaka mia. Mbaruk aliondoka Gazi mwaka 1895. Basi mingi iliyosimama leo ni watoto na wajukuu wa ile aliyoiacha, iliyopandwa kwa nazi zilizoanguka au kuteuliwa kutoka kwa mama zao. Lakini shamba ni lilelile, na ndilo linalofanya habari za mtu huyu zisiwe za vita peke yake. Waandishi wa Kiingereza walimwandika kama mwasi. Sisi hapa Kwale tunamjua pia kama mwenye shamba, na bado tunaishi na matokeo ya mambo yote mawili.

Mbaruk alikuwa mtoto wa Rashid bin Salim, wa mwisho katika Mazrui waliotawala Mombasa. Mazrui walitoka Oman wakiwa maliwali wa Mombasa katika karne ya 18, na ukoo wa Busaidi ulipochukua utawala kule Oman, wao wakakataa kuutambua. Kwa karibu miaka mia walikaa katika Ngome ya Yesu wakiwa wakubwa wa nafsi zao. Walipobanwa sana na Sayyid Said bin Sultan walimwomba Mwingereza bendera, na mwaka 1824 Kapteni Owen akaipandisha Mombasa. Mwaka 1826 ikashushwa, maana London haikuitaka kazi hiyo. Sayyid Said alijaribu mara kadhaa kuiteka Mombasa kwa nguvu akashindwa, na mwaka 1837 akaipata kwa fitina za ndani ya ukoo wenyewe. Rashid bin Salim na wakubwa wenziwe wakakamatwa, wakapakiwa merikebuni wakapelekwa upande wa Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Waliosalia waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikwenda kaskazini, Takaungu. La pili lilikuja kusini, Gazi, likiongozwa na Abdallah bin Khamis. Mbaruk alikulia katika msiba huo: baba kafia uhamishoni, mji wa baba una bendera nyekundu ya Zanzibar, na yeye yuko kijijini pwani ya Wadigo akiambiwa ashukuru kwamba ameachiwa roho yake. Abdallah alipokufa, uongozi wa Gazi ukamfikia yeye.

Gazi haikuwa Mombasa. Haikuwa na bandari ya majahazi makubwa wala forodha ya maana. Ilichokuwa nacho ni ardhi yenye mvua ya kutosha, na nyuma yake watu, Wadigo na Waduruma, ambao Mazrui walikuwa wamefanya nao mapatano, biashara na vita tangu zamani. Wakalima mtama na mahindi, na wakapanda minazi. Shamba la nafaka hulipa mwaka huohuo. Mnazi apandaye mtu leo atakunywa dafu lake baada ya mtoto wake kufika umri wa kwenda chuoni. Mtu anayepanda minazi ameamua kukaa.

Hapa ndipo panapohitaji kusemwa wazi jambo ambalo simulizi za ukoo hulipitia kwa haraka. Mashamba ya Mazrui, Gazi kama Takaungu, yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Wako waliokuja kwa misafara kutoka Nyasa kupitia Kilwa, na wako waliokuwa watoto wa majirani zetu wenyewe, waliowekwa rehani na wazee wao wakati wa njaa wakashindwa kukombolewa. Mbaruk hakuwa tofauti na matajiri wenziwe katika hili, na kwa baadhi ya familia za bara la Kwale jina lake lilitishia watoto usiku. Inasimuliwa Gazi hata leo kwamba katika nyumba ile kulikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha ambamo aliyemkosea alifungiwa na kufukiziwa moshi wa pilipili mpaka akakata roho. Sina la kuthibitisha wala kukanusha. Simulizi za namna hii hazibuniwi kwa mtu mpole.

Mti wenyewe nao ulikuwa na mabishano yake. Mwenye shamba wa Kiislamu aliutaka mnazi kwa nazi: tui, mafuta, mbata ya kuuza, makumbi ya kusokota kamba, makuti ya kuezekea. Jirani yake wa Kidigo au Kiduruma aliutaka kwa hayo yote na kwa tembo pia, au mnazi kama wengi wanavyokiita kinywaji hicho siku hizi. Najua wako wasomaji watakaokunja uso nikilitaja tembo katika habari za Mazrui. Lakini hakuna historia ya shamba la minazi Kwale bila mgema. Yeye hupanda alfajiri na jioni na kotama yake kiunoni, akakata ncha ya panda kabla karara halijafunguka, akafunga kibuyu, akashuka. Linalokusanywa asubuhi ni tamu kama maji ya sukari. Likikaa hadi jioni limeanza kuuma ulimi, kesho yake ni kali, na likiachwa siku kadhaa linakuwa siki ya kutilia kachumbari. Ugomvi ni kwamba panda linalogemwa halitoi nazi. Mnazi una mwenye kuutaka uzae na mwenye kuutaka utoe maji, na hawawezi kupata wote kwa wakati mmoja.

Kwa Wamijikenda tembo halikuwa ulevi tu. Kadzama ya tembo ndiyo iliyofungua mazungumzo ya mahari, ndiyo iliyotozwa kwenye baraza la wazee, na ndiyo iliyomwagwa chini kwa ajili ya koma. Kwa hiyo mtu wa Gazi aliyetaka urafiki na wazee wa bara alilazimika kuelewa mti huu una heshima ya namna mbili. Kisha kulikuwa na desturi ya mwambao ambayo mahakama za kizungu baadaye zilisumbuka sana kuielewa: ardhi inaweza kuwa na mwenyewe, na mnazi uliosimama juu yake ukawa na mwenyewe mwingine. Mtu aliweza kurithi minazi kumi katika shamba la mtu asiye jamaa yake, akaiuza, akaiweka rehani, bila kumiliki hata shubiri ya udongo. Kumbuka hili, tutalirudia.

Mbaruk aliasi dhidi ya Zanzibar mara nyingi kiasi kwamba wanahistoria hawakubaliani idadi. Alianza akiwa bado kijana, miaka ya kati ya karne ya 19, akaendelea katika zama za Sayyid Majid na Sayyid Barghash. Utaratibu ulikuwa mmoja. Angegombana na liwali wa Mombasa au wa Vanga, angekusanya watu wake, angeshambulia, na majeshi ya Sayyid yakija angepanda bara mpaka Mwele, ngome yake ya miti na mawe kwenye vilima vyenye msitu upande wa Shimba. Wangemzingira, angeponyoka, wangechoka, kisha pangepatikana suluhu na posho ya kila mwezi, naye angerudi Gazi kuangalia minazi yake. Mwaka 1882 Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa akiongoza jeshi lake jipya la Zanzibar. Mathews aliiteka Mwele. Mbaruk hakuwemo tena ndani.

Mimi huona kwamba watu hukosea wanapomfanya Mbaruk shujaa wa kupinga ukoloni tangu siku ya kwanza. Kwa miaka arubaini adui yake alikuwa Busaidi, na alikuwa tayari kushirikiana na yeyote aliyemsaidia dhidi ya Busaidi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipopata hati yake ya kifalme mwaka 1888 na kukodi mwambao kutoka kwa Sayyid, Mbaruk hakupigana nayo. Alipokea posho yake, akakaa kimya, na maafisa wa Kampuni walimtembelea Gazi wakakaribishwa vizuri. Kampuni haikuwa na nguvu nyingi, na yeye alilijua hilo. Bwana mdhaifu ni bwana mzuri.

Kilichomwangusha kilianzia Takaungu. Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, kiongozi wa Mazrui wa huko. Waliodai nafasi yake walikuwa wawili: Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, aliyependwa na Kampuni, na binamu yake Mubarak bin Rashid, mkubwa kwa umri na mwenye kuungwa mkono na wengi katika ukoo. Msomaji atofautishe Mubarak bin Rashid wa Takaungu na Mbaruk bin Rashid wa Gazi. Majina yanafanana na hata baadhi ya vitabu huwachanganya. Kwa desturi ya Mazrui mkubwa ndiye aliyestahili. Kampuni ikamchagua mdogo, ikapeleka askari kumtimua mkubwa. Mubarak na nduguye Aziz wakapigana, wakashindwa, na Mubarak akakimbilia kusini kwa jamaa yake wa Gazi.

Mbaruk alikuwa mzee sasa. Alikuwa na posho, nyumba ya mawe yenye mlango wa nakshi, mashamba, wake na wajukuu. Kumfukuza kijana aliyekuja kuomba hifadhi kungemletea aibu isiyofutika mbele ya ukoo na mbele ya Wadigo na Waduruma wote. Kumpokea kulikuwa vita. Akazungusha mazungumzo kwa wiki kadhaa. Katikati ya hayo, tarehe 1 Julai 1895, Kampuni iliyofilisika ikaondoka na serikali ya Uingereza yenyewe ikachukua nchi, na Arthur Hardinge akawa mkubwa wake. Huyu hakuwa bwana mdhaifu. Alitaka Mubarak atolewe. Mbaruk hakumtoa. Akafunga nyumba yake akapanda Mwele, kama alivyofanya mara nyingi, na nadhani alitarajia kushuka tena baada ya miezi michache kama kawaida.

Waingereza walikuja na Admeri Harry Rawson na askari wa manowari. Huyu Rawson ndiye aliyeamuru kupigwa mizinga jumba la Sayyid Khalid Zanzibar mwaka uliofuata, na 1897 akaongoza jeshi lililochoma mji wa Benin kule Afrika Magharibi. Tarehe 17 Agosti 1895 waliivamia Mwele wakaibomoa. Kwa mara nyingine mwenye ngome aliponyoka. Askari waliokuwa na medali ya kazi hiyo walichorewa jina la Mwele pembeni mwake, na medali hizo huuzwa minadani Uingereza mpaka leo. Kilima chenyewe kiko hapa Kwale, na wanafunzi wengi wa shule zetu hawajui kiko upande gani.

Vita havikuisha Mwele. Vilienea kutoka mpaka wa Vanga hadi kaskazini ya Malindi. Mbaruk kusini na Aziz kaskazini walipiga vituo na misafara, na baadhi ya Wadigo, Waduruma na Wagiriama wakawaunga mkono kwa sababu zao wenyewe. Vijiji vilivyoshukiwa vilichomwa na ghala za nafaka zikateketezwa, na aliyelipa zaidi alikuwa mkulima asiye na ugomvi na yeyote. Mwanzoni mwa 1896 Hardinge akaletewa kikosi kutoka India. Mbaruk hakuwa na baruti ya kutosha wala chakula. Aprili 1896 alivuka mpaka na watu wake, wanaume kwa wanawake na watoto, akaingia upande wa Wajerumani na kujisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann. Wakanyang'anywa silaha, wakapewa mahali pa kukaa. Mbaruk akapelekwa Dar es Salaam na kuishi huko miaka kumi na minne.

Habari zake za Dar es Salaam ni chache na hazina msisimko. Mzee wa Kimazrui katika mji wa Kijerumani, anayetazama bahari ileile bila kuweza kurudi upande wake. Aliyekuwa na mashamba akawa mtu wa kupokea riziki.

Yaliyotokea Gazi baada ya hapo ndiyo yanayotuhusu zaidi. Mali ya walioasi ilitwaliwa na serikali. Mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kisheria katika mwambao wa Kenya, na waliokuwa watumwa wakabaki palepale walipokuwa, wakilima vipande vilevile bila hati. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya kusajili hati za ardhi ya mwambao. Ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ajitokeze na ushahidi, na isiyodaiwa iwe ya serikali. Aliyekuwa uhamishoni hakujitokeza. Aliyekuwa mtumwa jana hakuwa na karatasi. Mdigo aliyerithi kaya kwa mjomba wake hakuona sababu ya kwenda kumwambia mzungu kwamba kwake ni kwake. Hivyo ndivyo watu wa Kwale walivyokuja kuitwa maskwota katika vijiji vya mababu zao, na malalamiko yaliyoko mezani leo, kutoka Diani mpaka Vanga, yana mizizi katika miaka hiyo.

Na hapa ile desturi ya mnazi ikageuka kuwa ngao. Mtu asiye na hati ya udongo aliweza kuonyesha minazi aliyoipanda baba yake. Hadi sasa, panapotokea ugomvi wa mpaka au fidia ya barabara, jambo la kwanza ambalo wazee wetu hufanya ni kuhesabu minazi na kutaja nani aliupanda upi. Mwenye kununua ufuo kwa ajili ya hoteli naye amejifunza hilo, ndiyo maana mara nyingi minazi hukatwa kabla ya mazungumzo kuanza.

Tazama wenzetu wanavyofanya. Kule Cape Town liko shamba la mizabibu la Groot Constantia, ambalo gavana wa Waholanzi Simon van der Stel alipewa mwaka 1685. Divai yake tamu ilisifiwa Ulaya nzima, na Napoleon aliletewa alipokuwa mfungwa kisiwani St Helena. Mizabibu ya kwanza ilipandwa na watumwa, baadhi yao kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Leo jumba ni makumbusho, mtalii hulipa kuingia, na habari za watumwa zimeandikwa ukutani pamoja na za gavana. Langoni mwa Klein Constantia, kipande cha shamba hilohilo la kale, liko kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, aliyehamishwa na Waholanzi kutoka Sumatra, na Waislamu wa Cape hulizuru. Divai na kaburi la sheikh vimekaa jirani miaka mia tatu na hakuna aliyeona haja ya kuficha kimojawapo.

Gazi ina vyote vya kusimuliwa: bwana aliyeshindana na masultani watatu, watumwa waliopanda shamba, kilima cha vita, mgema ambaye kazi yake ni ya kale kuliko nyumba ile. Haina kibao. Mgema wa Msambweni, ambaye tembo lake liliruhusiwa rasmi na sheria ya vinywaji ya 2010, bado hulipeleka sokoni kama mtu aliyebeba kitu cha wizi. Mamlaka ya kuendeleza minazi iliundwa 2007, kisha ikamezwa ndani ya mamlaka kubwa ya kilimo. Minazi mingi ni mizee, haijapandiwa mingine, na panapoanguka mmoja hupasuliwa mbao za kuezekea nyumba. Kaunti ina idara ya utamaduni na idara ya kilimo. Ingetosha wakutane Gazi siku moja, chini ya minazi, na wazee wa kijiji, Wamazrui na wasio Wamazrui, waulizane nani ataandika habari hizi kabla wajuao hawajaisha. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwaandikia Mazrui wa Mombasa historia yao. Gazi haijapata mwandishi wake.

Kitu kimoja cha Mbaruk kimehifadhiwa vizuri. Mlango wa nakshi wa nyumba yake uling'olewa zamani ukapelekwa Mombasa, nao umo katika makumbusho ya Ngome ya Yesu, ngome ambayo baba yake alitolewa mwaka 1837. Msomaji atakayepita huko na aulize aonyeshwe mlango wa Gazi.